Upepo Ukitulia

Mchana ule tulikuwa mnadani Zuzu, mimi na rafiki yangu Yohana, askari wawili wa likizo tunapekua mitumba. Ilikuwa ndiyo kwanza imeruhusiwa, na watu waliivamia utadhani inagawiwa bure. Yohana akaopoa sweta jekundu, zito, akalivaa pale pale juani. Mama yake, tuliyekuwa naye, akacheka, "Mwanangu, hilo blanketi lenye mikono!" Tulipoitwa kikosini kwenda vitani Msumbiji, Yohana akamwachia mama yake sweta lile. Alisema huko ni joto tupu.

Joto! Kule milimani, mwezi wa saba, meno yalikuwa yanagongana. Yohana alipigwa risasi ya paja, akavuja damu nyingi. Mganga wa kikosi akasema gari litafika jioni. Mpaka hapo apate joto, la sivyo tutampoteza. Tukamlaza hemani karibu na jiko la kuni, pipa lililokatwa, bomba lake la moshi likitokea nje kupitia bati lililoshonewa kwenye turubai.

Upepo ulivuma kama wa kwetu. Mimi, kwa mazoea ya nyumba zetu za tembe, nikaziba kila upenyo. Moshi ukarudi ndani.

"We, hapa siyo kwenye tembe ya bibi yako!" Yohana akakohoa. "Unataka kunikausha kama nyama?"

Sajini akafungua upande ambao upepo haukupiga. Akanionya nisijaze kuni, nisiondoe macho kwenye bomba. Cheche moja ikishika turubai, tumekwisha. Nikakaa na ndoo ya mchanga katikati ya miguu. Niliuogopa ule upepo kuliko risasi.

Kumbe ndio uliokuwa unatuficha. Adui alikuwa mlima wa pili, na upepo uliusambaza moshi wetu kabla haujapanda.

Alasiri ukatulia.

Nikachungulia. Moshi umesimama wima juu ya hema.

"Zima," sajini akanong'ona.

"Afande, na Yohana?"

"Humu mna majeruhi wengine. Zima! Kwa mchanga, maji yatafuka."

 Yohana alinitazama tu ninavyomwaga mchanga, na mimi nalia waziwazi.

Kombora likaanguka bondeni. La pili likaja karibu.

Halafu kimya.

Nilimfunika kwa koti langu, nikamlalia. Gari lilipofika alikuwa ameshapoa.

Wengine wote wa hema lile tulirudi nyumbani. Mchanga ule ndio uliotuokoa, nalijua hilo, na mpaka leo sijaweza kulifurahia.

Niliporudi nilikwenda Zuzu. Mama yake alikuwa amevaa lile sweta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa." Habari za risasi hakuuliza. "Huko kulikuwa na baridi?"

"Ilikuwepo, mama."

"Alipata moto wa kuota?"

"Alipata."

Akavuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. "Basi afadhali," akasema.

Sikumwambia kwamba upepo ulitulia.