Mashine Mbili Juu ya Meza Moja

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, mzee mmoja aliketi mbele yangu, kofia yake magotini, akingoja nimsomee ujumbe ambao sikuwa nao tena. Nimeikumbuka tangu jana uliponipigia simu kunieleza kwamba tovuti ya duka lako la vitenge sasa ina seva mbili. "Mama mukubwa," ukaniambia, "moja ikikufa, ingine inaendelea. Sasa nitalala muzuri." Nikakuuliza hiyo ya pili iko wapi. Ukajibu iko hapo hapo dukani, pembeni ya mwenzake. Nikaiweka simu mezani, nawe ukadhani rezo ya simu imekatika. Haikukatika. Nilikuwa nimemkumbuka yule mzee.

Basi kaa hapa nikuambie, na usiniharakishe. Muda ninao tele. Watoto wangu wako mbali, na viti sita vya sebule hii ninavikalia mimi peke yangu, leo hiki, kesho kile, ili visiingie vumbi.

Wakati wa vita ya pili ya nchi yetu nilikuwa na miaka thelathini na kidogo. Nilikuwa na diploma ya informatika, yaani ya kompyuta, na kiburi kilichokuwa kikubwa kuliko diploma yenyewe. Wanawake wa kazi ile tulikuwa wachache hapa Bukavu, basi nilitembea shingo juu, utafikiri umeme niliuvumbua mimi. Nilifanya kazi kwa Maman Zawadi, mjane aliyekuwa na nyumba ndogo ya mawasiliano karibu na soko. Nchi ilikuwa imekatwa vipande siku zile. Barua ya Bukavu haikufika Kinshasa, na watu waliokimbia vita ya kwanza kupitia porini walikuwa wametawanyika hadi nchi za watu. Maman Zawadi akawaza jambo jema: tufungue tovuti. Mtu anakuja, tunaandika jina lake na jina la ndugu anayemtafuta. Yule aliye mbali akiliona, anajibu, na jibu linaingia kwenye mashine yetu. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara yetu, na wengi tuliwafanyia bure.

Tovuti ilikaa kwenye mashine yetu mle ndani, haikukaa ulaya kama hizi zenu za leo. Tulikuwa na antena ya sahani juu ya mabati na batri nne za gari chini ya meza. Nikamwambia Maman Zawadi, patroni wangu, mashine hii ikifa tumekwisha, tunahitaji ya akiba. Akiba haiozi. Akahangaika miezi, akaipata. Nikaziunganisha kwa waya, na kila saa sita mchana ya kwanza iliipa ya pili yote yaliyoingia. Ilikuwa kazi safi, na sijinyimi sifa yangu.

Siku nilipomaliza, Maman Zawadi alisimama mlangoni akazitazama mashine zote mbili.

"Sasa hii ya pili tuipeleke kwa mudogo wangu, kule juu Kadutu," akasema. "Wewe utakuwa unabeba kopi ku diski kila magaribi."

"Maman, nyumba ya mudogo wako inavuja. Na waya wangu hauwezi kufika kule."

"Kwa hiyo zote mbili zikae pamoja?"

"Kazi ya mashine uniachie mimi, Maman."

Akaniachia, maskini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi nilijiona ndiye mkuu. Nikuambie na ukweli wenyewe: kuvuja kwa nyumba kulikuwa kisingizio tu. Nilipenda wateja waingie wazione mashine mbili zikiwaka taa juu ya meza moja, waulize ni kazi ya nani. Nilikuwa nimehesabu kila kinachoweza kuua mashine: umeme unaoruka, joto, vumbi, panya. Vita sikuihesabu, na vita ilikuwa mlangoni kwetu miaka yote ile.

Sasa yule mzee. Aliitwa Muzee Cirhuza, mkulima wa Katana, mbali nje ya mji. Mkewe alikuwa amekufa, na mwanawe wa pekee, Mugisho, alikimbia vita ya kwanza na hakuonekana tena. Kila Alhamisi mzee alikuja mjini, mara juu ya lori, mara kwa miguu, kuuliza swali moja.

"Iko kitu?"

"Hakuna, muzee."

"Haya. Nitarudia Alhamisi."

Ila hakuondoka. Aliketi kwenye benchi nusu saa nzima akitazama watu wakiingia na kutoka. Siku moja nikamtania, nikamuuliza kama anatafuta mke wa pili. Akacheka, kisha akasema, "Ku nyumba hakuna mutu wa kuniuliza nimetoka wapi." Wakati ule nilisikia maneno tu. Leo ndiyo ninayaelewa, mwanangu, maana hata mimi nikirudi kutoka misa hakuna anayeniuliza padri amesema nini.

Halafu ikafika Jumanne moja. Nafungua mashine asubuhi, nakuta ujumbe. "Baba, ni mimi Mugisho. Niko muzima. Nilipata mutoto mwanamuke, nikamupa jina ya mama." Chini yake kulikuwa na namba ya simu ya jirani yake, ndefu, ya nchi nyingine, na jina la mji ambao sikuwahi kuusikia. Yesu Maria! Nilipiga kelele hadi wauza nyanya wakaja mlangoni. Maman Zawadi alilia, akajifuta kwa kitambaa cha kichwa.

"Toa ku karatasi," akasema.

"Wino imeisha, Maman."

"Andika basi na mukono."

"Ya nini? Saa sita itakuwa mu mashine mbili. Itaenda wapi?"

Nilisema hivyo, kwa kinywa changu hiki. Nilitaka Alhamisi mzee aje aone maneno ya mwanawe yakiwaka kwenye ekra, kwenye kioo cha mashine, na aone ni nani aliyeyaleta. Kuandika mistari mitatu kwa bik ningetumia muda wa kunywa maji tu.

Jumatano mji ukatekwa. Tulisikia risasi kabla ya saa nne asubuhi, tukafunga kwa kufuli, tukakimbilia kwa yule mdogo wa Maman Zawadi, kwenye nyumba ileile inayovuja. Tulilala chini siku zote zile, watu kumi na wanne, na paa halikudondosha hata tone kwenye pembe niliyolalia. Tuliporudi sokoni tulikuta waporaji wameutoa mlango na bawaba zake. Mashine zote mbili zilikuwa zimekwenda, batri zimekwenda, waya wa antena umekatwa. Meza walituachia. Maman Zawadi hakunilaumu. Alifagia vioo tu, nami nikasimama pale mikono ikining'inia. Msiba wa kujitakia hauna kilio.

Nilijaribu kuikumbuka ile namba. Nilijaribu nikitembea, nikipika, nikiwa kanisani. Niliisoma mara moja kwa furaha, na furaha haihifadhi namba. Jina la mji nalo lilipotea.

Barabara ya Katana ilipofunguka, mzee akaja. Ilikuwa ile Alhamisi ninayokuambia. Akatazama meza tupu, akaketi kwenye benchi, akavua kofia.

"Iko kitu?"

Ningeweza kusema hakuna. Mungu anisamehe, jibu hilo lilinifika ulimini. Angekubali, angesema atarudi Alhamisi, na aibu yangu isingejulikana na mtu. Lakini mtu yule alikuwa amekaa miaka bila kujua kama mwanawe anapumua. Nikamwambia yote: ujumbe, wino, karatasi ambayo sikuiandika.

Aliizungusha kofia mikononi.

"Uliona na macho yako?"

"Niliona, muzee."

"Na namba?"

"Nimesahau. Na mji nimesahau. Unisamehe, muzee."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga. Akasema, "Wewe ni mutoto ya masomo, mimi ni mutu ya jembe. Lakini kwetu mbegu ya maharage haikae yote mu nyumba moja. Nusu iko kwangu, nusu iko kwa dada yangu, kilima ingine kabisa. Vita ikipita kwangu, kwa dada kunabakia kitu cha kupanda. Kila mwanamuke wa huku kwetu Bushi anajua ile. Ulishindwa kutuuliza?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Kisha akaniambia, kwa upole, "Haya. Sema tena vile alisema." Nikasema: Baba, ni mimi Mugisho. Niko muzima. Nilipata mutoto mwanamuke, nikamupa jina ya mama. Akafumba macho. "Tena," akasema.

Tangu siku hiyo alikuja Alhamisi zote, wala hakuuliza tena kama iko kitu. Aliketi, akasema, "Nisomee," nami nikamsomea bila karatasi. Sikuongeza neno, sikupunguza. Nikifika pale pa jina ya mama alitabasamu kila mara, kama ndiyo mara ya kwanza kusikia. Tulifungua tovuti tena baada ya miezi mingi, lakini anwani ya zamani ilikuwa imetupotea. Mugisho hakuandika tena. Au aliandika, akakuta mlango umefungwa, akadhani huku hakuna aliyebaki. Wazo hilo hunijia ninapokula, na chakula kinanishinda.

Alhamisi moja mzee hakuja. Na iliyofuata pia. Nikapanda lori kwenda Katana, nikakuta majirani wamemzika juzi yake. Ilikuwa malaria. Msiba haukuwa na mwenyewe, hapakuwa na wa kupewa pole. Wakanipa mimi.

Kwa hiyo sikia, mwanangu, maana hili sitalisema mara mbili. Ichukue hiyo mashine ya pili leo, kabla hujafunga duka, uipeleke mbali, kwa mtu usiyekaa naye paa moja. Usinitajie habari za waya. Unapofanya akiba, usihesabu tu hatari zilizoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Hesabu na zile za hapa unapoishi, na waulize wanaozijua, hata kama hawajui kuwasha kompyuta. Na maneno ya mtu yakikuangukia mkononi, yaandike na yapeleke siku hiyo hiyo. Usiyapambe, usiyawekee sherehe. Yana mwenyewe, na anangoja.

Halafu kuna jambo moja ambalo liko kichwani mwangu tu, na kichwa chenyewe kinaanza kuchoka. Mugisho hajui kama baba yake aliupata ujumbe. Dunia nzima aliyebaki akijua ni mimi. Nikifa nalo, itakuwa ni mashine moja tena. Chukua bik, uandike kwa mkono, uweke kwako: akitokea siku moja, yeye au binti yake, aambiwe kwamba baba alijua mwanawe yuko mzima, alijua jina la mjukuu wake, na alifurahi nalo kila Alhamisi mpaka mwisho. Umeandika? Nisomee nisikie.

Basi. Mungu alinde kazi ya mikono yako, mwanangu. Akupe sikio la kusikia na watu wa kukuuliza umetoka wapi. Na wote unaowangoja, wafike ungali hai.