Ami Seif Alivyopinduka

Juzi niliteremka kwenye maegesho ya chini ya jengo letu, hapa Jumeirah Village Circle, Dubai, nikasikia tsssss ndefu ya upepo unaotoka kwenye tairi. Kijana mmoja jirani alikuwa amechutama kando ya gari lake, anapunguza upepo kabla ya kwenda jangwani na wenzake. Akanitazama akatabasamu. Mimi nikageuka, nikarudi kwenye lifti, nikapanda juu bila kile nilichokishukia, na mpaka sasa sikumbuki kilikuwa kitu gani.

Nitawaeleza nyinyi, maana nyumbani kwetu hili halizungumzwi.

Tulikuwa tukikaa Satwa, vyumba viwili juu ya duka la mshona mapazia. Baba alikuwa msimamizi wa gereji iliyokuwa mtaa wa nyuma, na mdogo wake, Ami Seif, alikuwa fundi wa kuchomelea hapohapo. Baba ndiye aliyemwombea kazi kwa arbab, mwenye gereji, akamleta kutoka Unguja. Seif akalala sebuleni kwetu, akala chungu kimoja nasi, akatutania sisi watoto wanne mpaka Mama akawa anamhesabu kuwa wa tano.

Ndugu hawa wawili walikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni dhabu. Kwa asiyemjua, dhabu ni mjusi mnene wa jangwani, mkia wake una miiba, asubuhi huota jua nje ya shimo lake, na akishtuka huingia ndani asionekane tena. Waarabu waliokuja gereji walimsifu kama sisi tunavyomsifu nguru. Mama hakutaka hata kumwona. "Mtume hakumharamisha, lakini hakumla," alikuwa akisema, "na mimi sunna yangu naifuata hapo hapo kwenye kutokula." Basi dhabu alipikiwa gereji, kwenye jiko la gesi la kuchemshia chai, na sufuria yake haikuruhusiwa kupanda ngazi zetu.

Kwa kumwindia walikuwa wameunda pikipiki ya magurudumu manne kutokana na vyuma vya mashine tatu zilizokwisha kufa. Tukiiita baiki. Ilipakiwa nyuma ya pikapu ya Baba, na asubuhi za Ijumaa, baridi ikishapungua, wao wakatoka nayo. Mimi nilichukuliwa kwa sababu macho yangu yalikuwa makali, na kwa sababu nililia. Wadogo zangu hawakuweza kukaa garini bila kutapika.

Lami ilipokwisha, Baba alishuka akapunguza upepo, tairi moja baada ya jingine, akibonyeza kwa ncha ya ufunguo. Tairi lililojaa huzama mchangani, lililolegea huelea. Upepo ule ulinuka mpira wa zamani, na mimi nikichutama kando yake nilijiona mtu mzima. Kisha Seif alichomeka bendera nyuma ya baiki, fimbo ndefu inayopindapinda, na juu yake kipande cha kanga nyekundu alichokipinda Mama kwa mkono wake. Kwenye vilima vya mchanga humwoni aliye upande wa pili. Unachokiona kwanza ni bendera yake ikichungulia juu ya ukingo, nawe ukapunguza mwendo. Mama alikuwa haulizi kama tumebeba maji, anauliza kama tumebeba bendera.

Ijumaa ninayoisema, dhabu walitushinda. Kila Seif alipomkaribia mmoja, kivuli cha kitambaa kilimtangulia juu ya changarawe, na dhabu, ambaye umri wake wote anaishi kwa kuogopa kivuli cha mwewe, akatumbukia shimoni. Akaja mwingine, ikawa vilevile. Jua lilikuwa linapanda, sala ya Ijumaa haimngojei mtu, na Baba alikuwa amekwisha jisifu gereji kwamba leo atawalisha watu.

"Ing'oe hiyo bendera," alisema.

Seif alisita. "Kaka, Shemeji akijua itakuwa kesi."

"Shemeji wako yuko Satwa. Ing'oe, yalla. Leo huku hakuna mtu ila sisi."

Kwetu kaka mkubwa ni baba wa pili. Seif aling'oa fimbo, akanipa niishike garini, akaondoka kuzunguka nyuma ya kilima kirefu alichoelekezwa na Baba. Ngurumo ya baiki ikafifia, halafu ikanyamaza. Tulingoja. Baba alitazama saa yake, akatazama kilima, akatazama saa tena. "Huyu vipi?" alisema, akawasha pikapu.

Mchanga haupandwi kwa kusitasita, ukisita unakwama. Baba alikanyaga mafuta. Pua ya gari ilielekea juu, mbele yangu sikuona kitu ila mbingu, kisha ukingo ukapita chini yetu na gari likainamia upande wa pili.

Seif alikuwa pale pale, karibu kabisa na ukingo, anapanda kuturudia, na gunia mbele yake.

Sauti ile sitawaelezeni. Gari liliposimama, baiki ilikuwa imepinduka na mguu wa kulia wa Seif uko chini yake, kama si wake. Dhabu alitoka kwenye gunia akaenda zake polepole, na mimi nikamtazama yeye mpaka alipopotea, kwa kuwa sikutaka kutazama kwingine. Baba alikuwa amepiga magoti, amemshika mdogo wake kichwa. "Seif, nimekuua. Nimekuua, Seif."

Uso wa Seif ulikuwa na rangi ya majivu. "Rudisha gari kule tulikokuwa," alisema. "Mimi nimepinduka mwenyewe."

"Nyamaza, Seif."

"Umenisikia, Kaka? Una watoto wanne. Visa zao zote ziko juu yako. Ukifungwa wewe, watakwenda wapi?" Halafu akanitafuta mimi kwa macho. "Salha, mwanangu, ami yako kapinduka."

Baba alirudisha gari. Ndipo alipopiga simu. Gari la wagonjwa lilipofika, upepo wa mchana ulikuwa umekwisha anza kuzifuta alama za matairi. Polisi walimuuliza Seif, wakamuuliza Baba. Mimi hawakuniuliza kitu, nilikuwa mtoto wa kike wa miaka tisa mwenye fimbo mkononi.

Mguu ulikatwa juu ya goti. Watu wa Karama na Satwa walikuja hospitali na chupa za chai na maandazi, wakamkemea mgonjwa kwa mapenzi. Vijana na vidude vyenu hivi! Baiki si punda, ukimkosea akakusamehe! Seif alicheka nao, akakubali kila neno, na Baba akawa anamimina chai. Kafeel, mdhamini wa visa yake, hakuwa na kazi ya fundi wa mguu mmoja. Visa ilipokwisha, khalas, akarudishwa Unguja. Mimi nililia uwanja wa ndege kwa kuwa nampenda, lakini moyoni nilikuwa na raha pia. Nilidhani uongo ule ulisemwa mara moja pale mchangani, ukatuokoa, ukaisha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa Bibi yangu, mama yao, alipougua maradhi ya kufa, tukaenda Unguja. Seif alikuwa hakuoa. Alikuwa akichomelea mageti ya watu huku ameketi kwenye kiti, na aliyemhudumia Bibi ni yeye, kwa kumlisha na kumgeuza kitandani. Na Bibi alikuwa hajamsamehe. Kila mgeni aliyeingia alisimuliwa habari ya mwana aliyezaliwa na miguu miwili, akapelekwa Dubai kwenye riziki, akaenda kucheza.

Jioni moja alimshika Baba mkono. "Wewe umenistiri," alimwambia. "Ulimtafutia mdogo wako kazi, ukamweka kwako. Yeye ndiye hakusikia." Kisha akamgeukia Seif, aliyekuwa anakamua kitambaa cha kumpangusia uso. "Asiyesikia la mkuu..." Pumzi ikamkatikia.

Nilimtazama Baba. Nilimwomba kwa moyo wangu wote aseme, hata neno moja, sikujali tena visa ya mtu. Alitazama mkeka.

"Huvunjika guu, Mama," Seif alimmalizia, akampangusa paji la uso.

Hapo ndipo nilipofahamu. Uongo ule alikuwa akiusema kila siku, miaka kumi, kwa mama yake mzazi, na baba yangu alikuwa akimwacha auseme. Nilimchukia Baba usiku ule, na sijui kama nimeacha.

Bibi alifariki kesho yake. Nilisimuliwa kwamba Baba ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, na Seif alikalishwa kwenye kiti pembeni. Sisi wanawake tulikuwa tumebaki ndani, nikiwasikiliza wenzangu wakisema marehemu amekwenda akiwa radhi na mwanawe mmoja tu, yule mkubwa.