Viraka vya Simu Kuukuu

Ofisini tulimwita Mama Viraka, naye akaitika. Kazi yake ilikuwa kutunza programu za kuazima: vipande vilivyoandikwa na watu wa nje, ambavyo mchezo wetu uliegemea kwa picha, sauti na mawasiliano. Wenyewe wakivibadilisha au wakivitelekeza, yeye ndiye aliyehakikisha mchezo bado unafunguka kwenye simu za kila aina na kwenye kompyuta. Kazi isiyo na shukrani. Ukiifanya vizuri, bosi anauliza unalipwa kwa lipi.

Mchezo wenyewe ni wa bustani. Unapanda mboga, jirani anakuja kukumwagilia, nawe unamwendea. Baba yake Mama Viraka aliucheza kila jioni, na jirani yake alikuwa mmoja tu: kaka yake anayeishi nchi nyingine. Wazee hao walikosana kwa ajili ya nyumba ya urithi, wakanuniana miaka nenda miaka rudi. Simu hawapigiani, salamu hawatumiani. Lakini nyanya zao zilimwagiliwa. Mama Viraka alijua undugu wote uliobaki umo humo.

Wote wawili walikuwa na simu kuukuu. Programu ya mawasiliano ilipoacha kuzihudumia, tulitaka kupokea toleo jipya na kuwaonya wachezaji mapema. Mama Viraka akagoma. Akalichukua toleo la zamani na kulirekebisha kwa mkono, kiraka juu ya kiraka, mpaka likawa lake peke yake, halifanani tena na la wenyewe.

"Dada, hiyo sasa unaifuga," nilimwambia. Akacheka.

Kisha likagunduliwa tundu: wezi wangeweza kupitia programu ile na kuingia kwenye simu za wachezaji. Wenyewe walitoa dawa upesi, lakini kwa matoleo mapya tu. Kwenye lile lake haikushika. Alihangaika mpaka akalia mbele yetu, na hakuna aliyethubutu kumtania.

"Toa lote, weka jipya leo," bosi akasema.

"Na simu za zamani?"

"Wanunue nyingine. Sisi si baba zao."

Alilitoa mwenyewe. Muda wa kuwaonya watu ulikuwa umeliwa na viraka vyake, kwa hiyo simu zote kuukuu zikakatika kwa mpigo.

Baba yake, Mama Viraka alimnunulia simu mpya. Baba mkubwa je? Namba yake ya zamani ilikuwa haipatikani, na hakuna ndugu aliyekuwa na nyingine. Bustani yake ikakauka, na nyanya za mzee hazikumwagiliwa tena.

Nilikuwepo sebuleni kwao siku mzee alipolisema neno hilo.

"Kaka amenikasirikia tena."

"Hapana, baba. Simu yake haifungui mchezo."

"Mbona yangu inafungua? Usimtetee, mwanangu."

Maandishi yakatokea kwenye kioo. Mzee akamsogezea simu. "Nisomee, macho yangu hayana nguvu."

Ningekuwa mimi ningedanganya. Yeye akasoma kama yalivyo: jirani yako hajaonekana kwa muda mrefu, je, unataka kumwondoa?

"Baba, subiri. Nitamtafuta."

"Nimesubiri vya kutosha. Ile 'Ndiyo' iko wapi?"

Hakumwonyesha. Mzee akaitafuta mwenyewe, akabonyeza. Bustani ya kaka yake ikatoweka, pakabaki majani matupu. Akakaa akiziangalia nyanya zake.

"Sasa nani atanimwagilia?" akauliza.