Kijana Asiyeingia Ndani

Mazengo alifika kwa Scola asubuhi moja ya kiangazi, akasimama nje ya mlango, na hapo hapo akabaki. Mama yake, Anastasia, alikuwa ameshaingia, ameshakaa na ameshaanza kueleza.

"Shikamoo," kijana alisema kutoka nje.

"Marahaba. Karibu ndani."

"Hapa panatosha, dada."

"Unamwona?" Anastasia alisema. "Hata nyumbani ndivyo alivyo. Tangu tumzike baba yake hakanyagi ndani ya nyumba. Analala bandani kwa mbuzi. Bibi yake ni mgonjwa, haamki kitandani, anamwita kutwa. Huyu anasimama dirishani, anajibu 'nipo bibi', basi. Mama mkwe ananiambia, mjukuu wangu ananiona ninanuka. Na sasa anatafuta lori la kwenda Chunya machimboni. Akiondoka hivi, yule bibi atakufa hajamshika mkono."

Scola alimtazama kijana. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, shati safi. Hakuonekana mlevi wala mwenye hasira. Alisimama kama mtu anayejizuia asimwage kitu.

Kazi ya Scola ni ushauri nasaha kwa vijana, katika chumba kimoja nyuma ya kituo cha afya pale Itigi. Yeye ni Mnyiramba wa Ulemo, binti wa fundi seremala, na hadi leo hupima vitu kwa jicho kabla ya kuvigusa. Chuoni alifundishwa kuweka viti viwili vinavyotazamana. Mwaka wake wa kwanza kazini aliviweka hivyo, na vijana wakaja, wakaamkia, wakainamia vidole vya miguu yao. Akawaandika wote kuwa wanaficha jambo. Ilimchukua muda kukumbuka kwamba yeye mwenyewe, nyumbani kwao, hajawahi kumkazia macho mtu aliyemwamkia shikamoo. Akatoa viti nje, akaweka benchi barazani, wakakaa bega kwa bega wakitazama uwanja.

Aliacha pia kuuliza "unajisikiaje". Jibu lake lilikuwa moja kwa wote: kawaida. Badala yake humpa kijana kijiti, amchoree mavumbini ua wa kwao.

Alimwomba Anastasia akangoje upande wa mapokezi. Kisha akatoka barazani, akakaa, akamnyooshea Mazengo kijiti.

"Nichoree kwenu. Nani analala wapi."

Mazengo alichora bila kusita. Nyumba ya mama, nyumba ya bibi, jiko, zizi. Nyumba ya bibi aliizungushia mstari mwingine kwa nje.

"Huu mstari ni nini? Uzio?"

"Hapana. Ni mwisho wangu."

"Nani kauweka?"

"Mimi."

"Ukiuvuka kunatokea nini?"

Kijana alizungusha kijiti mkononi. Scola alijua kungoja, ingawa udadisi ulikuwa unamwasha. Kwa nini dirishani anafika na mlangoni hafiki? Mtu anayemchukia bibi yake hachori nyumba yake kwa makini hivyo, mpaka na kigoda cha nje.

"Nina mguu mbaya," Mazengo alisema mwishowe. "Nilifika likizo Ijumaa, baba mzima. Jumapili amekufa."

"Mama yako alisema ilikuwa presha."

"Ndivyo wanavyosema hospitali."

"Na nani anasema ni mguu wako?"

"Mzee Festo, yule wa asali. Alisema msibani, mbele ya watu. Alininyooshea kidole: 'Mchawi wenu huyu hapa, kafika juzi tu, leo tunachimba. Mnamlisha wa nini?'"

"Watu wakasemaje?"

"Walicheka." Sauti yake ilishuka. "Hata mjomba alicheka. Hakuna aliyembishia."

Scola aligeuka kumtazama, jambo ambalo barazani hujikataza.

"Huyo Festo alifanya nini kingine siku hiyo?"

"Alikuwa amelewa. Alishuka kaburini akalala humo, akasema hatoki mpaka apewe kuku."

"Wakampa?"

"Wakampa."

"Mazengo, ulikulia wapi?"

"Moshi, kwa shangazi. Tangu darasa la kwanza."

Hapo kila kitu kilikaa mahali pake. Mzee huyo wa asali Scola alimfahamu: alikuwa Mnyamwezi, akina Mazengo ni Wagogo, na Mnyamwezi kwa Mgogo ni mtani. Msibani mtani ndiye mwenye ruhusa ya kusema lisilosemeka, kumtukana marehemu, hata kulala kaburini, ili waliofiwa wakumbuke kucheka. Kila mtu pale makaburini alilijua hilo isipokuwa mtoto wa marehemu, aliyekulia mbali, na hakuna aliyefikiri kumweleza, kwa kuwa nani humweleza Mgogo utani?

Scola alimweleza polepole. Mazengo alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Nimeelewa. Lakini baba alikufa kweli."

Scola alilipima jibu hilo, akaliona lina haki. Maelezo hayangemvusha ule mstari.

"Ukiniruhusu, nitamwita Festo aje kwenu," alisema. "Usiporuhusu, yamekwisha hapa."

Kijana alimrudishia kijiti. "Aje."

Festo alikuja Jumamosi na dumu la asali, mzee mfupi mwenye mikono yenye alama za nyuki. Scola alikuwa ameshamwambia kilichotokea, naye alikuwa amenyamaza njia nzima. Lakini alipomwona Mazengo ameegemea zizi, alivuta pumzi na kusema:

"Kumbe uko hai? Nilisikia Wagogo wana mchawi, nikadhani mkubwa. Mchawi gani analala na mbuzi?"

Anastasia aliziba mdomo. Chuo hakikumfundisha Scola hili, na hakujua litaangukia wapi.

"Mtani hajibiwi kwa machozi," Festo aliongeza, taratibu sasa. "Ulitakiwa unijibu siku ile ile. Nilikungoja mle kaburini, mgongo unauma kwa baridi, hukunijibu. Nikasema huyu mtoto wa rafiki yangu ana dharau. Nijibu."

Mazengo alitazama chini, kisha akainua uso.

"Babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka pwani," alisema. "Wewe unabeba maneno tu, tena yanakushinda. Na kuku wetu umrudishe."

Festo alicheka mpaka akaketi juu ya dumu lake. "Haya. Sasa tumemzika mzee."

Kutoka ndani ya nyumba ya bibi ilisikika sauti nyembamba. "Nani anacheka hapo, na mimi ninaumwa?"

"Mimi, bibi."

"Mimi nani? Dirisha halina miguu."

Mazengo alikwenda mpaka mlangoni. Alisimama pale kama alivyosimama kwa Scola, mkono kwenye mwimo, akiziba mwanga.

"Ingia au ondoka," bibi alisema, "nimechoka na giza."

Aliinama, akaingia, kwanza mguu wa kulia.

Walizungumza Kigogo, kwa sauti ya chini. Scola hakijui. Aliketi kwenye kigoda cha nje, akatega sikio, akaambulia jina la baba likitajwa, kisha kicheko cha bibi kikigeuka kikohozi.

"Wanasema nini?" alimwuliza Festo.

"Wewe si mshauri? Ya nini kuuliza?" Festo alifungua dumu, akalamba kidole. "Mengine waachie wenyewe."

Scola alitamani sana kujua.