Mbio za Alfajiri hadi Kivukoni

Daktari wangu, kijana mwembamba anayelitazama tumbo langu kama karani anayekagua mzigo uliozidi, ameniandikia mazoezi ya nyumbani siku tatu kwa wiki na mbio siku nne. Nilimwambia kwamba mpango huo niliwahi kuufuata kule Tarime, miaka ya hamsini, na kwamba ulimwumiza mtu mwingine. Akaniuliza kama huyo mtu aliumia goti.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane bila kuchaguliwa kuendelea. Kwetu, mwendo wa saa moja kutoka Nyamisangura, kijana wa namna hiyo alikuwa na njia mbili: kurudi kwenye ng'ombe au kuingia polisi. Habari zikaja kwamba baada ya mavuno afisa angefika bomani kuandikisha vijana. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, akatangaza kwamba nyumba yake itatoa mmoja tu. Mwingine atabaki na mifugo. Tulikuwa wawili, kaka yangu na mimi.

"Aliye imara zaidi ndiye atakwenda," alisema, macho yake yakiwa kwa kaka.

Kaka hakuhitaji mazoezi. Alikuwa mrefu, na aliweza kulishika dume changa pembe likatulia. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri. Ndipo nikamwomba baba mdogo, aliyekuwa amerudi kutoka vitani Burma, kijitabu chake chenye picha za Mzungu mwenye kaptula akijikunja na kujikunjua. Nikaanza nyuma ya ghala la ulezi. Nilichuchumaa na kuinuka mara hamsini nikiwa nimelikumbatia jiwe la mama la kusagia. Nililala kifudifudi nikajiinua kwa mikono. Niliruka kamba ya kufungia ndama.

Mama alinitazama siku mbili, ya tatu akasema, "Mwanangu, una minyoo?"

"Hapana, mama. Najenga mwili."

"Basi ujenge bila jiwe langu. Hilo lina kazi."

Kijitabu kilishikilia kwamba mwili haujengwi nyumbani tu, sharti na mbio ziwepo. Hapo ndipo palikuwa na shida. Kwetu mwanamume aliyekwisha kutahiriwa hakimbii ovyo. Akionekana anakimbia, ama ana ng'ombe wa mtu mbele yake, ama ana mwenye ng'ombe nyuma yake. Kwa hiyo nilikimbia alfajiri, kabla mazizi hayajafunguliwa, miguu mitupu, hadi kivukoni na kurudi. Kaka peke yake alijua, kwa kuwa tulilala nyumba moja.

"Mura," yaani kijana, aliniuliza kila nikirudi nahema, "leo umeshindana na nani?"

"Na upepo."

"Kumbe nao unataka kuandikishwa?"

Siku sita kabla afisa hajafika, wanaume zaidi ya ishirini wa ng'ambo ya mto walisimama langoni kwetu na mikuki yao, umande ukiwa bado kwenye majani. Ng'ombe wao walikuwa wameibwa. Alama za kwato walizifuata hadi kwenye miamba ya kivuko, zikapotea. Lakini kutoka hapo kivukoni walikuta nyayo mbichi za mtu aliyekimbia, vidole vimezama udongoni, zimekuja moja kwa moja hadi kwetu. Na desturi ilijulikana: nyayo zikiingia nyumbani kwako, uonyeshe zilipotokea upande wa pili, la sivyo mwizi ni wako.

Jana yake jioni nilikuwa nimechuchumaa mara mia badala ya hamsini, kwa tamaa. Asubuhi ile miguu yangu mizito ilichimba ardhi kama jembe. Niliutambua kila unyayo.

Mzee mmoja wao alivunja kijiti sawa na urefu wa unyayo. Akampima Tata, mguu wake ulipita. Akampima kaka, ukalingana. Akanipima mimi, nao ukalingana.

"Huyu naye?" aliuliza.

"Huyu ni wa kalamu," akajibu mwenzake. "Huyu akimkimbiza kuku, kuku anasimama kumsubiri."

Wakacheka. Nami nikacheka. Tangu hapo nimejaribu kukieleza kicheko hicho kwa namna nyingi. Nimekiita hofu, nimekiita ujana. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyepona.

Mzee akamgeukia kaka. "Sema, mura. Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nimelala."

"Nani anajua?"

Kaka aligeuza shingo. Alinitazama. Kwetu humtoi ndugu yako mbele ya watu wa ng'ambo, yeye hujitoa mwenyewe. Yalihitajika maneno manne tu: zile mbio ni zangu. Lakini nilijua pia kwamba mtu mwenye jina la wizi hapewi barua ya chifu, na asiye na barua ya chifu haingii polisi. Niliangalia chini, kama mtu anayefikiri.

Ng'ombe waliotengwa kwa mahari ya kaka walivushwa mto kama fidia mchana ule ule. Jioni Tata aliniambia, bila kunitazama, "Basi utakwenda wewe."

Bomani tulipangwa mstari ili tuingie uwanjani kukimbia. Kabla ya kuingia palikuwa na askari ameshika ufito wenye alama, na kila aliyepungua chini ya alama alirudishwa. Nilisimama, nikavuta shingo, nikavuta hata masikio.

"Nenda kale ugali," akasema askari.

Hakuna aliyetaka kuona mbio zangu hata hatua moja. Kijana aliyenifuata alikuwa wa kimo cha kaka. Alipita bila kuguswa.

Nilimkuta kaka akiziba ua wa zizi kwa miiba.

"Wamekuchukua?"

"Hapana. Kimo."

Alichomeka tawi moja, akalisukuma kwa kisigino hadi likashika.

"Basi si ungesema tu," alisema.

Tata alipoona sifai bomani wala zizini, alinitafutia nafasi nyingine ya shule, na kwa njia hiyo ya kushindwa kila kitu nikafika chuo kikuu. Kaka alichunga miaka yote hiyo. Alioa akiwa amewapita umri mabwana harusi wote wa rika lake. Harusini, mimi kama msomi wa nyumba nilipewa nafasi ya kuzungumza. Nilikuwa nimeamua kusema ukweli wa nyayo zile siku hiyo, mbele ya Tata na watu wa ng'ambo waliokuja kula. Nilisimama, nikasifu uvumilivu wa kaka yangu kwa muda mrefu sana, kwa Kiswahili safi. Watu walipiga makofi. Yeye aliinuka nikiwa katikati ya maneno, akaenda kuwatazama ng'ombe.