Waliotajwa Kabla ya Mlango Kufungwa

Waliokuwepo siku ile ni hawa: mimi, dada yangu mdogo, ambaye ni mwalimu wa sekondari; mdogo wetu wa kiume, ambaye ni fundi wa pikipiki; mama mdogo, aliyefika kutoka Boga na mfuko wa ndizi; na jirani yetu mzee tangu Djugu tulikotoka, tunayemwita koko kama wajukuu wake, ambaye kiti chake tulikiweka kivulini kwa sababu macho yake hayapendi jua.

Nawataja kwanza kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Mama yetu hakufunga mlango jioni kabla ya kutaja kwa sauti wote waliomo ndani. Yeye na baba walipokufa, kazi hiyo ikawa yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwaka huohuo niliacha shule.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, uani kwetu Mbunya. Mapajani nilikuwa na kaye nne, madaftari ya shule, zilizoandikwa mpaka pembeni. Nilikuwa nimeziandika sokoni nikiuza sombe, majani ya muhogo, sentensi moja kati ya mteja na mteja: habari za msichana anayekimbia vita na wadogo zake wawili. Msichana huyo ni mimi, lakini nilimwita "yeye", kwani kila nilipoandika "mimi" mkono uligoma. Mpiga chapa mmoja wa mjini alikubali kukitoa kitabu. Nami nilikuwa nimeapa kwamba hakitatoka bila ruhusa ya wadogo zangu, kwa kuwa wamo ndani yake. Wa kiume alikuwa amekwisha kukataa.

"Yaya, siye tulitoka kule," alisema tena siku ile; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Unaturudisha kufanya nini?"

Dada yangu mwalimu naye alikuwa na lake. "Haina utaratibu. Unaanza na sufuria, halafu risasi, halafu mama iko muzima tena. Tarehe iko wapi?"

"Hatukukuwa na tarehe. Tulikuwa na siku ya maji na siku bila maji."

"Mwanafunzi akinipa hii, nitamupa ine tu juu ya kumi."

"Nipe ine, mwalimu. Lakini sikiliza."

Nikasoma. Mimi niliyeishia darasa la sita nilisoma kaye mbili nzima na sikujikwaa. Mama mdogo aliacha kumenya ndizi. Nilipofika pale mtoto anapopoteza kiatu kimoja njiani na kukataa kuvua kile kilichobaki, mdogo wangu wa kiume aliacha kujifuta oili vidoleni.

"Kilichobaki kilikuwa cha kushoto," alisema. "Weye uliandika cha kulia."

"Una hakika?"

"Mguu ni wangu. Rekebisha, halafu uwapelekee wachape."

Niliinamia kaye ili wasione uso wangu. Nilikuwa nimeshinda, na sauti yangu ikapanda. Nikafungua kaye ya nne, nikasoma jinsi msichana anavyofika kwenye shule iliyokimbiwa, anavyosukuma dawati mlangoni, na anavyotaja waliomo: mimi, dada, mtoto. Watatu.

"Na miye?" koko akauliza. "Miye niko wapi? Nani alibeba huyu mugongoni? Kiatu chake kilinipiga mu mbavu siku tatu."

Wote walicheka, isipokuwa mimi na mdogo wangu.

"Yaya," akasema, "si ni weye ulinibeba?"

"Ni koko."

Watu wa koko na watu wetu walikuwa wakipigana. Katika shule ile alinisihi nisimtaje, kwani angesikika angeuawa, na watu wangu, au na watu wake kwa kutusaidia. Nikataja watatu, naye wa nne akakaa kimya chini ya ubao. Nilimtii muda mrefu hata nilipokuwa peke yangu na kalamu. Tena, niseme kweli, bila yeye msichana alionekana mrefu zaidi, na urefu ule ulinipendeza.

"Koko, ulinikataza," nilimwambia.

"Nilikukataza wakati ule. Sasa nani ataniua? Labda haya magoti." Akayapiga kofi. "Uniandike. Lakini unipe miguu ya zamani, si hii."

Kivuli kilikuwa kimesogea. Mdogo wangu aliinuka, akamshika koko mkono, akakihamisha kiti chake polepole mpaka penye kivuli, akabaki amesimama nyuma yake. Mama mdogo alikaanga ndizi zote, hata zile alizotaka kumpelekea padri. Tulikula kama watu waliotoka kufunga harusi, na mwalimu akanipandisha kutoka nne mpaka saba.

Mpiga chapa amekwisha kupokea kaye tatu. Kiatu nimekirekebisha. Ya nne bado ninayo, imefunguliwa pale penye dawati na mlango. Siku tatu za njia, mgongo wa koko na uzito wa mtoto yule, bado sijazilipa. Nimeandika mstari mmoja, nikaufuta mara tano.

Kila Jumapili koko akirudi kutoka kanisani anasimama kwenye ua wetu.

"Nimefika wapi?" anauliza.

"Bado uko inje ya mlango, koko."

"Harakisha," anasema. "Huyu mutoto ni muzito."