Pipa Nililoliondoa Kabla ya Maombi

Saa nne na dakika ishirini asubuhi ndipo nilipoliburuta pipa nyuma ya stoo, na kama kuna jambo ninaloona aibu kulisimulia hapa Heru Juu mpaka leo, ni hilo.

Lilikuwa pipa dogo la maji lenye hita ndani, limeliwa na kutu, na mimi mwenyewe (fundi wa kujisomea, mtu wa daftari na rula) ndiye niliyeliweka kwenye mashine ya kusaga ya Mama Neema, maana mtambo wangu wa upepo nilikuwa nimeuunganisha na jenereta lake dogo, na upepo ukizidi, umeme wa ziada sharti upate pa kwenda, basi ulikwenda kuchemsha maji. Lakini siku hiyo mchungaji alikuwa anakuja kuubariki mtambo, Mama Neema alishasema yeye mwenyewe akiridhika mnara wa mtambo unabaki, asiporidhika niung'oe, na pipa lile lilikuwa baya mno kwa wageni. Nikapiga hesabu: mashine itakuwa inasaga, itaula umeme wote. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa.

Mchungaji akafika kwenye banda la mashine, akashika kipaza sauti. "Mama Neema, tuzimie hilo lidude tuombe."

Nani atamkatalia mchungaji? Nilifungua mdomo, watu wakadhani naanza kuomba, wakafumba macho. Mashine ikazimwa.

"Ee Bwana, ongeza upepo huu."

Ukaongezeka. Balbu zikang'aa nisivyowahi kuziona, zikapasuka moja moja kuelekea mlangoni, spika ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa, ikanyamaza, na feni ya ukutani (ambayo siku zote huzunguka kivivu) ikachachamaa juu ya rundo la unga wa muhogo, tukawa weupe sote, na suti nyeusi ya mchungaji pia.

Bibi mmoja aliyekalia gunia lake akasema, macho bado kayafumba, "Mchungaji, mwambie imetosha."

Nikakimbia, nikalirudisha pipa mbele ya wageni wote huku likinimwagia maji miguuni, nikalichomeka. Feni ikapoa.

Mama Neema akafuta nyusi. "Fundi, kumbe hilo pipa lina kazi?"

"Lina kazi, mama."

"Sasa ulilificha la nini?"

Nikainama kukamua suruali iliyolowa.

"Mnara ubaki," akasema. "Na pipa likae mlangoni, mtu asiliguse. Hata wewe."

Tangu hapo sifichi kifaa kwa ubaya wa sura yake, na kabla ya maombi yoyote nakagua soketi kwanza. Balbu kumi na moja, spika ya kanisa, na kumfulia mchungaji suti: shilingi laki mbili, elfu tatu na mia tano.